Dhehebu Linapomtawala Mtu: Yanayoipata Akili Ndani Yake na Baada ya Kutoka

Dhehebu linalotawala watu halitambulikani kwa ugeni wa mafundisho yake. Kila dini ina mambo ambayo kwa asiye muumini ni ya ajabu, na nyingi humtaka muumini ajinyime. Waislamu hufunga mwezi mzima wa Ramadhani, Wakristo wengi hufunga Kwaresima, watawa huacha ndoa na mali. Tofauti iko katika mamlaka na jinsi yanavyotumika. Katika dhehebu la namna hii kiongozi hana wa kumhoji. Neno lake kuhusu Mungu huamua pia nani amwoe nani, mtoto asome au asisome, mgonjwa apelekwe hospitali au aachwe nyumbani, ndugu yupi atembelewe na yupi akatwe kabisa. Habari za nje huzuiwa, au huelezwa kuwa ni sauti ya shetani. Anayetaka kuondoka hupoteza nyumba, jamaa, mara nyingine kazi, na kwa jinsi alivyofundishwa, hupoteza na roho yake. Mfungo wa Ramadhani hufunguliwa magharibi, na mgonjwa na msafiri wana ruhusa ya kula. Mfungo uliowaua mamia ya watu katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, haukuwa na saa ya kufungua.

Habari za Shakahola zilienea Aprili 2023. Wafuasi wa Paul Nthenge Mackenzie, mhubiri aliyeanzisha kanisa la Good News International mjini Malindi mwaka 2003, walikuwa wamehamia msituni na kuanza kufa njaa wakiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Katika miezi iliyofuata miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, ingawa baadhi, watoto wakiwamo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie na wenzake walishtakiwa kwa makosa ya kuua bila kukusudia, mauaji ya watoto na ugaidi, nao wakakana. Hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini siku zile zile za uokoaji lilizuka swali ambalo mahakama haina uwezo wa kulijibu. Baadhi ya waliotolewa msituni, wamebaki mifupa na ngozi, walikataa kula na kunywa. Mmoja alifumba kinywa asipewe hata huduma ya kwanza. Njia ilikuwa wazi, mhubiri yuko mikononi mwa polisi, na wao bado wanafunga.

Wengi mitaani walijibu haraka kwamba hao ni wajinga. Jibu hilo halisimami. Dhehebu la Aum Shinrikyo la Japani, lililomwaga gesi ya sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi za Tokyo tarehe 20 Machi 1995, lilikuwa na wanakemia, wanafizikia na wahandisi waliosoma vyuo vikuu vizuri. Mmoja wa waliomwaga sumu hiyo alikuwa daktari bingwa wa moyo. Shakahola nako kulikuwa na watu waliowahi kuwa na elimu na ajira nzuri, walioziacha kwa hiari. Elimu ya darasani humpa mtu ujuzi wa jambo fulani. Haimkingi na upweke, wala msiba, wala hofu ya kesho.

Na hapo ndipo wengi huingilia. Hakuna anayejiunga na kundi la kifo. Mtu hujiunga na ushirika uliomwombea mtoto wake mgonjwa, uliokumbuka jina lake Jumapili ya pili, uliomkaribisha chakula alipokuwa mgeni mjini. Mara nyingi huwa yuko njia panda: amefiwa, ameachika, amefukuzwa kazi, amemaliza shule na haoni mbele. Mtaalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani, Marc Galanter, alipowachunguza wafuasi wa kanisa la Sun Myung Moon miaka ya 1970, alikuta kwamba wengi walikuwa na dhiki kubwa ya moyo kabla ya kujiunga, na kwamba dhiki hiyo ilipungua walipoingia. Nafuu iliongezeka kadiri mtu alivyojihisi karibu zaidi na wenzake. Jambo hili ni zito, na wanaotoa maonyo juu ya madhehebu huliruka mara nyingi. Dhehebu huanza kwa kutibu. Mwili na moyo hukumbuka tiba hiyo miaka mingi baadaye, hata mtu anapojua kwa akili kwamba aliumizwa, na kila anapofikiria kuondoka, kumbukumbu ya faraja ile humvuta arudi.

Si kila anayealikwa hunaswa. Mwanasosholojia wa Uingereza Eileen Barker alifuatilia watu waliohudhuria semina za kanisa hilo hilo la Moon, na katika kitabu chake cha mwaka 1984 alieleza kwamba zaidi ya asilimia 90 hawakujiunga. Hata miongoni mwa waliojiunga, wengi waliondoka wenyewe ndani ya miaka michache. Kwa hiyo kiongozi hana nguvu za kichawi. Anachohitaji ni muda mrefu, mazingira yaliyofungwa, na watu waliokwisha kuamua kubaki.

Utawala wenyewe huja hatua kwa hatua. Mackenzie hakuanza kwa kuwaambia watu wasile. Kwa miaka kadhaa mahubiri yake yalipinga shule, baadaye hospitali, na mwaka 2019 usajili wa serikali wa Huduma Namba, aliouhusisha na alama ya mnyama ya siku za mwisho. Kila hatua ilikuwa na gharama yake. Mzazi aliyemtoa mtoto shuleni aligombana na walimu na babu yake mtoto. Aliyekataa hospitali aliachana na jirani aliyemshauri. Aliyeuza shamba na kuhamia msituni, katika vijiji vilivyopewa majina ya Biblia kama Nazareti na Bethlehemu, hakuwa tena na mahali pa kurudi. Kufikia siku agizo la kufunga hadi kufa lilipotoka, waliobaki kumzunguka ni wale tu waliokubali hatua zote za nyuma, na sauti za kupinga zilikuwa zimebaki mbali, Malindi, Mombasa, Kisumu.

Daktari wa akili Robert Jay Lifton ni miongoni mwa walioeleza mapema jinsi mazingira ya aina hii yanavyoiteka akili. Katikati ya miaka ya 1950, akiwa Hong Kong, alizungumza na watu waliopitia programu za kubadilishwa fikra katika China ya Mao, kisha akachapisha matokeo mwaka 1961. Aliyosimuliwa kuhusu magereza na vyuo vya kikomunisti yanafanana kwa namna ya kushtua na yanayosimuliwa na waliotoka katika madhehebu. Mawasiliano yote hudhibitiwa, mpaka mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Usafi unaodaiwa haufikiki, hivyo kila mtu daima ana hatia. Siri za moyo hutakiwa ziungamwe mbele ya wengine, na baadaye hutumika kumtisha aliyeziungama. Lugha hufupishwa kuwa misemo michache inayokata kila mjadala: hilo ni neno la dunia, hiyo ni roho ya uasi, usimpe shetani nafasi. Na maisha ya mtu mwenyewe, aliyoyaona kwa macho yake, yakipingana na fundisho, fundisho ndilo la kweli na yeye ndiye aliyekosea kuona.

Katika hayo yote, shaka kugeuzwa kuwa dhambi ndiko kunakoumiza zaidi. Katika hali ya kawaida, mtu anayeumwa na jambo huliuliza: kwa nini mtoto huyu anazidi kudhoofika? Ndani ya dhehebu swali hilo likichomoza tu, muumini huhisi hatia kwa kuliwaza, akaomba, akafunga, akajiadhibu, na swali likazikwa. Baada ya miaka, kazi hiyo haihitaji tena mhubiri. Mtu hujikatiza mwenyewe kabla wazo halijakamilika. Manusura wengi wanapoambiwa kwamba dalili za hatari zilikuwa wazi, hushindwa kueleza kwamba waliziona kweli. Waliziona, na kila mara walijilaumu wao.

Mwili nao huhusishwa. Kukesha kwa maombi usiku kadhaa mfululizo, kazi ngumu na chakula kidogo hupunguza uwezo wa kupima mambo hata kwa mtu mwenye akili timamu kabisa. Kuhusu njaa kuna ushahidi mzito. Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwasimamia vijana 36 waliojitolea kula chakula pungufu kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokumbwa na njaa ya vita. Walikuwa wenye afya, na walijua siku ya mwisho ya jaribio. Hata hivyo walipoteza takribani robo ya uzito wao, na pamoja nao walipoteza hamu ya urafiki, ya mambo ya siasa, ya wanawake. Wakawa wanyonge, wepesi wa kukasirika, wenye huzuni, na ulimwengu wao ukasinyaa hadi kwenye sahani. Mtu aliyefikia hali hiyo msituni, akiwa na sauti moja tu ya kumweleza maana ya anachokihisi, hana akiba ya nguvu ya kuanza kuipinga imani yake yote.

Utabiri unapokosa kutimia, mtu wa nje hutarajia waumini watatawanyika. Mara nyingi haiwi hivyo. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake waliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1956, baada ya kuingia kwa siri katika kikundi kidogo cha eneo la Chicago kilichomwamini mama mmoja, Dorothy Martin, aliyetangaza kwamba gharika ingekuja kabla ya mapambazuko ya tarehe 21 Desemba 1954. Baadhi ya wafuasi walikuwa wameacha kazi na mali. Gharika haikuja. Alfajiri ukaja ujumbe kwamba imani yao ndiyo iliyouokoa ulimwengu, na wengine wakaanza kuyapigia simu magazeti kwa bidii ambayo hawakuwa nayo awali. Utafiti huo umekosolewa, hasa kwa sababu watafiti wenyewe walikuwa sehemu kubwa ya kikundi na huenda waliuchochea moto walioujia kuutazama. Lakini wazo lililotokana nao, la mkinzano wa fikra, limesimama katika majaribio mengi ya baadaye: mtu akishalipia jambo kwa gharama kubwa, hulitafutia sababu za kuwa kweli, maana kukubali kwamba ni uongo ni kukubali kwamba alitoa sadaka ile yote bure.

Afrika Mashariki ililiona hilo kwa uchungu huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda. Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoongozwa na Credonia Mwerinde, Joseph Kibwetere na padri Dominic Kataribabo, liliwafundisha wafuasi kwamba dunia ingeisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu waliuza mashamba na mifugo. Wanandoa walikatazwa kulala pamoja, na kwa muda mrefu wa siku wafuasi walitakiwa wasiseme, wawasiliane kwa ishara, ili wasije wakaivunja amri ya kutosema uongo. Kimya hicho kiliwanyima nafasi ya kunong'onezana shaka zao. Mwaka 2000 ulipoingia na dunia ikaendelea kama kawaida, baadhi walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi mamia waliungua ndani ya kanisa lililofungwa, na katika wiki zilizofuata polisi walifukua mamia wengine waliouawa na kuzikwa chini ya nyumba za kundi hilo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba wote wa Kanungu walichagua kufa. Wengi waliuawa, na huenda wengi wao walikuwa wale walioanza kuuliza.

Hofu ina kazi nyingine zaidi ya kumzuia mtu asikimbie. Mtoto mdogo akitishwa humkimbilia mlezi wake. Mlezi huyo huyo akiwa ndiye anayemtisha, mtoto hana pa kwenda: humkimbilia anayemwogopa. Alexandra Stein, mwanasaikolojia aliyewahi kuwa ndani ya kundi la kisiasa lenye utawala wa namna hii, amelitumia fundisho hilo la malezi kueleza uhusiano wa muumini na kiongozi. Kiongozi huhubiri moto, mateso na mwisho wa dunia hadi watu wanatetemeka, kisha hujitoa yeye kuwa kimbilio pekee. Kadiri hofu inavyozidi, ndivyo mshikamano unavyozidi, na mtu aliyekwama kati ya kukimbia na kukumbatia huishia kuduwaa. Akili yake huacha kufikiri juu ya uhusiano ule, ingawa katika mambo mengine, kama kupika, kulima au kupiga hesabu za fedha, inaendelea vizuri.

Ndiyo sababu jamaa husema: alikuwa yeye na hakuwa yeye. Chini ya shinikizo la muda mrefu hujengeka nafsi ya dhehebu, yenye sauti, msamiati na hata mwendo wake, na nafsi ya zamani husukumwa nyuma bila kufa. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, toleo la 2013, unaitaja hali ya kuvurugika kwa utambulisho kunakotokana na ushawishi wa kulazimisha wa muda mrefu, na vikundi vya kidini vya aina hii vimo katika mifano yake. Mwanasosholojia Janja Lalich, naye aliyewahi kuwa ndani ya kundi la kisiasa, ameeleza hali hiyo kwa upande wa uamuzi. Mtu bado anachagua, lakini ndani ya uzio ambao umeondoa chaguo zote isipokuwa zile zinazompendeza kiongozi. Aliyekataa uji Shakahola alikuwa anachagua. Mbele yake aliona mambo mawili tu, uzima wa milele na kupotea, na uji ulikuwa upande wa kupotea.

Wenye mamlaka wasipolielewa hili, huongeza jeraha juu ya jeraha. Juni 2023, manusura 65 waliokuwa wamekataa kula katika kituo cha uokoaji walifikishwa mahakamani Shanzu, Mombasa, wakashtakiwa kwa kujaribu kujiua. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ililaani hatua hiyo, na ilikuwa na haki. Watu waliofundishwa miaka kadhaa kwamba serikali ni adui wa Mungu walipandishwa kizimbani na serikali hiyo hiyo kwa sababu ya imani yao. Utabiri wa mhubiri ulitimizwa na mwendesha mashtaka. Januari 2025, katika shauri lililofunguliwa na tume hiyo pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili, Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai.

Kutoka ni mwanzo wa awamu nyingine, na wengi huiona kuwa ngumu kuliko kukaa. Margaret Singer, mwanasaikolojia wa California aliyezungumza na mamia ya waliotoka, aliandika mwaka 1979 juu ya mambo yaliyojirudia kwao. La kwanza kuonekana na watu wa nyumbani ni kushindwa kuamua. Mtu aliyepangiwa kila saa kwa miaka kumi husimama mbele ya duka asijue anunue sabuni ipi, huuliza kama anaruhusiwa kulala, husubiri kuambiwa. Jamaa hudhani ni uvivu au utoto. Kisha kuna kuzama ghafla: wimbo fulani, harufu ya ubani, mstari wa Biblia uliotumiwa sana, humrudisha mtu katika hali ile ya zamani, akajikuta amepotelea humo kwa dakika au saa. Kusoma ukurasa mmoja kwa makini huwa kazi. Usiku huja na jinamizi. Hofu ya adhabu hubaki muda mrefu baada ya imani yenyewe kuondoka, hivyo mtu asiyemwamini tena nabii bado hushtuka radi ikipiga, au mtoto akiugua, akijiuliza kama laana ndiyo imefika.

Uorodheshaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umeongeza ugonjwa unaofuata mateso ya muda mrefu ambayo mtu hawezi kuyakimbia kwa urahisi. Pamoja na dalili zinazojulikana za kiwewe, yaani kuyaishi tena yaliyopita, kuyakwepa na kuwa macho daima, mgonjwa hushindwa kuzituliza hisia zake, hujiona hana thamani, na hushindwa kukaa karibu na watu. Si kila aliyetoka katika dhehebu ana ugonjwa huu. Lakini kwa waliokaa muda mrefu maelezo haya huwafaa kuliko neno sonona peke yake, na daktari asiyeuliza habari za dhehebu huishia kutibu usingizi na kuacha chanzo.

Aibu huenda ndiyo inayonyamazisha zaidi. Aliyeibiwa na jambazi huhurumiwa, lakini aliyedanganywa na mhubiri huulizwa alikuwa wapi na akili zake. Kwa hiyo hudanganya kuhusu miaka ile, au hukaa kimya. Chini ya aibu kuna hatia ya kweli, ambayo haifutwi kwa kumwambia mtu kwamba hakuwa na kosa. Dada aliyemleta mdogo wake, mume aliyewashawishi wazazi wauze nyumba, mama aliyemnyima mtoto maziwa kwa kuwa aliambiwa hivyo: hawa walikuwa wahanga na pia mikono iliyotenda. Tiba yoyote inayokwepa nusu moja ya ukweli huo haidumu. Na kuna maombolezo yasiyo na kaburi. Miili ya Shakahola ilihitaji vipimo vya vinasaba ili itambuliwe, na serikali ilianza kuwakabidhi ndugu maiti zao Machi 2024, takribani mwaka mmoja baada ya ufukuaji kuanza, huku miili mingine mingi ikisubiri. Bila mwili, bila mazishi, bila matanga, ndugu hawezi kuomboleza wala kutumaini.

Waliozaliwa ndani wako katika hali ya pekee. Mtu mzima akitoka ana nafsi ya zamani ya kuirudia: kijiji, rafiki wa shule, kazi aliyoijua. Mtoto wa dhehebu hana hapo awali. Hakusoma, hana cheti cha kuzaliwa, hajapata chanjo, hajui michezo ya wenzake, na mara nyingi alifundishwa kwamba nabii ni mkubwa kuliko mama. Jonestown, nchini Guyana, tarehe 18 Novemba 1978, zaidi ya watoto 300 walikuwa miongoni mwa watu zaidi ya 900 waliokufa kwa amri ya Jim Jones, na wao ndio waliopewa sumu mwanzo. Katika kesi ya Shakahola mashtaka ya mauaji yanahusu watoto 191, na manusura wamesimulia kwamba ilipangwa watoto watangulie kufa. Walionusurika walijifunza mapema kuliko umri wao kwamba mzazi anaweza kumwona mwanawe akidhoofika asinyanyuke. Kwao kazi ya kwanza ni kujua kwamba mtu mzima anayesema atarudi kesho na chakula hurudi kweli, na kwamba hurudi siku baada ya siku. Mafundisho ya dhehebu yanaweza kusubiri.

Wataalamu hawakubaliani juu ya kila jambo hapa. Neno la mitaani kwamba mtu amebadilishwa ubongo limewagawa tangu miaka ya 1970. Mwaka 1987 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikataa kuipitisha ripoti ya kamati iliyoongozwa na Singer, kikisema haikuwa na uthabiti wa kisayansi unaotosha. Hoja ya wapinzani ina uzito: ikiwa mfuasi hana akili yake, basi yeyote anaweza kumfunga kwa kisingizio cha kumwokoa. Ndivyo ilivyotokea. Katika miaka hiyo ya 1970 Mmarekani Ted Patrick aliwateka vijana kwa ombi la wazazi wao, akawafungia na kuwabana kwa maneno mpaka waikane imani yao. Baadhi walitoka na kiwewe kipya, na Patrick mwenyewe alifungwa jela. Utekaji ulitumia silaha ile ile ya dhehebu, yaani kumtenga mtu na kumvunja. Tangu wakati huo washauri wengi wanaojali haki za mtu wameiacha njia hiyo.

Kinachosaidia ni cha polepole zaidi. Ndugu aliyemo ndani asikatwe, hata akitukana. Simu fupi isiyo na mahubiri, habari za shangazi mgonjwa, picha ya mtoto aliyezaliwa nyumbani, huacha uzi mwembamba ambao siku moja unaweza kuwa ndio njia yake ya kutokea. Kumshambulia nabii mbele yake humlazimisha amtetee, na kila anapomtetea hujifunga zaidi. Maswali yanayomrudisha kwenye maisha yake aliyoyajua, alipenda nini, alicheka na nani, humfikia mahali ambapo hoja hazifiki. Akishatoka, anahitaji mwanzoni usingizi, chakula cha kawaida na ratiba nyepesi, halafu maelezo ya wazi ya jinsi utawala ule ulivyofanya kazi. Wengi husema siku walipoelewa mbinu zenyewe ndiyo siku aibu ilipoanza kulegea, maana waliona kwamba kilichowapata kina mpangilio na kimewapata wengine Japani, Guyana na Uganda. Mikutano ya waliopitia hali moja husaidia kwa sababu hiyo hiyo, na pia kwa sababu humo hakuna anayeuliza akili zilikuwa wapi.

Suala la imani huja mwisho, na haifai mtu mwingine aliamue. Wapo wasioweza kuingia tena katika nyumba yoyote ya ibada, na mshauri mwenye busara hawasukumi. Wapo wanaorudi katika kanisa walilokulia au kujiunga na ushirika mwingine, na wao pia hawastahili kutazamwa kama wagonjwa ambao hawajapona. Mchungaji anayempokea mtu wa aina hii hufanya vyema kutomharakisha kutubu wala kushuhudia mbele ya watu, kwa sababu maungamo ya hadhara yalikuwa sehemu ya mateso yake. Cha kuangalia ni kama sasa anaweza kuuliza swali katika mafundisho bila kutetemeka, akatoa sadaka au asitoe bila kuhojiwa, na akatoka ibadani kabla haijaisha kwa sababu tu amechoka.